Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: njia ya reli nyepesi itengwe kabla SGR haijafika

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUTENGA NJIA YA RELI NYEPESI YA ABIRIA KATI YA STESHENI YA KIGOMA, MWANGA NA UJIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kipande cha SGR, yaani reli mpya ya kisasa, cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, kina mkandarasi tangu mwishoni mwa 2022. Treni itakapoanza kushusha abiria hapa, watu mamia watatoka stesheni kwa mkupuo mmoja, kila mmoja na mzigo wake, wakitaka Mwanga, Ujiji, Kibirizi au bandarini. Reli nyepesi ya mjini, yaani treni ndogo za abiria zinazopita kwenye barabara za mji kama tramu, ni jibu zuri kwa mji wa namna hii na sisi tunaitaka. Ombi letu ni kwamba kabla ofisi yako haijaketi na muuza treni yeyote, ardhi ya kupitisha reli iwe imepimwa, imewekewa bikoni na kutangazwa. Treni inaweza kuagizwa hata miaka kumi ijayo. Njia ikishajengwa nyumba, hairudi ila kwa alama za X na vilio.

Behewa la reli nyepesi lina upana usiozidi sana mita 2.65. Njia mbili sambamba, pamoja na nafasi ya nguzo, zinahitaji mita 8 hivi, na penye kituo chenye majukwaa mawili ya mita 3 zinafika 14. Ongeza barabara ya magari ya mita 7, mifereji, na njia za waendao kwa miguu pande zote mbili: ukanda unafika mita 25 katikati ya vituo na 30 kwenye vituo. Sehemu inayosahaulika daima ni pembe za makutano. Treni hizi huweza kukata kona yenye nusu kipenyo cha mita 25, lakini kwenye kona kali hivyo magurudumu hulia na reli hulika haraka, kwa hiyo tusishuke chini ya mita 50 pale tunapoweza. Hiyo maana yake ni kiwanja cha kona chenyewe, kile ambacho kila mfanyabiashara anakitamani. Kikishapewa hati na kuota ghorofa, mstari mzima umeharibika.

Fidia nayo ina saa yake. Chini ya sheria ya uthamini ya 2016, uthamini usipolipwa ndani ya miaka miwili hurudiwa, na bei ya ardhi karibu na stesheni mpya haitakuwa imesubiri. Ndiyo maana tunashauri ukanda utengwe kwa vipande: anzeni na pembe za makutano na maeneo ya vituo, lipeni, kisha mwendelee. Kumzuia mwananchi kuendeleza kiwanja chake kwa miaka bila kumlipa ni dhuluma, na mradi ulioanza hivyo huishia mahakamani.

Sasa idadi ya abiria, mahali ambapo miradi mingi hujidanganya. Tuchukue njia ya kilomita 8. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, vituo vikiwemo, safari ni dakika 24. Kwenda na kurudi, pamoja na dakika 6 za kugeuza kila mwisho, ni saa moja kamili. Mkitaka treni kila dakika 10 mnahitaji treni 6 njiani, moja ya akiba na moja karakana, jumla 8. Kila moja ikibeba watu 200, mnasafirisha watu 1,200 kwa saa kwa upande mmoja. Idadi hiyo hiyo inabebwa na mabasi makubwa 16 ya watu 75, kwa gharama ndogo zaidi. Kwa maoni yetu reli huanza kustahili gharama yake abiria wanapokaribia 3,000 kwa saa kwa upande mmoja. Kwa Hiace za watu 16 hiyo ni daladala moja kila sekunde 19. Kwa hiyo hesabuni watu kwanza, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku ya kawaida, siku ya treni, siku ya meli na siku ya mapumziko. Wahesabiwe watu, siyo magari tu: wa bajaji, wa bodaboda na wanaotembea kwa sababu hawana nauli.

Hesabu isipofika, ukanda usikae bure. Upitishwe mabasi katika njia yake yenyewe, na makalvati na madaraja yajengwe tangu mwanzo kwa uzito wa treni.

Watakuja watu kushauri njia moja yenye sehemu za kupishania ili kupunguza gharama. Kwa treni kila dakika 10, lazima pawe na pa kupishania kila mwendo wa dakika 5, yaani kila kilomita 1.7 hivi, na treni moja ikichelewa dakika 3 inachelewesha zote zinazokutana nayo. Mnaweza kutandika njia moja kwanza. Ardhi itengwe ya mbili.

Kuhusu geji, yaani upana kati ya reli mbili, tusione aibu na ya milimita 1,000. Reli ya Kati iliyofika Kigoma 1914 ni ya geji hiyo, na tramu za Zürich, Basel na Geneva hupita juu yake hadi leo. Mafundi wa reli waliopo wanaijua. Uamuzi ufanywe kabla ya kulaza taruma la kwanza, yaani boriti inayobeba reli: kilomita moja ya njia moja hula mataruma 1,600 hivi, tani 100 za reli za kilo 50 kwa mita, na kokoto mita za ujazo zinazokaribia 1,500.

Mteremko kutoka Mwanga hadi usawa wa ziwa unahitaji upimaji wa makini. Reli nyepesi hupanda hadi asilimia 6, lakini tope likiingia juu ya reli magurudumu huteleza. Kila barabara ya vumbi inayokatiza njia iwekwe lami angalau mita 30 kila upande.

Umeme wa reli hizi kwa kawaida ni volti 750 za mkondo mnyoofu, na hurudi kwenye kituo cha kulisha umeme kupitia reli zenyewe. Vifungio vya reli visipokinga umeme vizuri, sehemu ya mkondo hutorokea ardhini, hupita kwenye mabomba ya chuma na kuyatoboa mahali unapotokea. KUWASA, mamlaka ya maji ya mji, waitwe mezani sasa, mabomba yaliyo chini ya ukanda yahamishwe au yabadilishwe kuwa ya plastiki kabla ya reli. TANESCO nao: vituo vya kulisha treni umeme huwekwa kila kilomita 2 hivi, na mji huu ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Kama umeme wa gridi hautatulia, treni za dizeli zianze.

Karakana ijengwe juu, mbali na mabonde. Dar es Salaam waliweka ya mabasi yaendayo haraka Jangwani, na mafuriko ya Msimbazi yakaharibu mabasi. Hapa ziwa lenyewe limepanda miaka ya karibuni. Addis Ababa ilifungua reli nyepesi 2015 ikiwa na treni 41. Baadaye nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Mkataba wetu uwe na vipuri vya miaka mitano na mafunzo ya mafundi ndani ya bei ya awali.

Tunaomba, Mheshimiwa, suala hili lipelekwe kwenye Baraza la Madiwani la Manispaa ya Kigoma-Ujiji, TRC (shirika la reli), TARURA na TANROADS (wakala wa barabara), KUWASA na TANESCO wakiwepo, na utoaji wa hati mpya kwenye pembe za makutano ya barabara ya Ujiji usimamishwe hadi ramani ya ukanda itakapobandikwa katika ofisi za kata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wahandisi na wapanga miji, Kigoma-Ujiji