Mama, Siumwi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua zangu zote huanza kwa "mimi ni mzima", na mara nyingi niliandika hivyo kwa mazoea tu. Safari hii ni mzima kweli, ingawa najua hukuniamini Jumapili tulipoonana kwenye simu. Uliniangalia mashavu, ukanyamaza, kisha ukauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaumwa nini?" Nikakujibu kazi ni nyingi. Nilikudanganya, unisamehe. Miezi mitano iliyopita nilifanyiwa upasuaji.

Kaa kitako, usome mpaka mwisho. Si uvimbe wala saratani. Ni upasuaji wa kupunguza uzito. Nilikuwa nimefika kilo 128, na urefu wangu ni mita 1.70. Gawanya kilo kwa urefu, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo, utapata 44. Kuanzia 30 madaktari huuita unene wa kupindukia. Kwa miaka mingi mtu alikubaliwa kupasuliwa akifika 40, au 35 kama ana kisukari, presha au maradhi mengine yanayoandamana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji vikashusha kipimo: 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine. Mimi nilikuwa na namba, nilikuwa na presha, na kule kukoroma mlikokucheka, kumbe pumzi ilikuwa inakatika usingizini.

Walichofanya ni kukata zaidi ya robo tatu ya tumbo la chakula na kuitoa kabisa. Kilichobaki ni chembamba kama mkono wa shati. Hawakunifungua tumbo zima. Walipitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo matano, na siku ya tatu nikarudi nyumbani. Ipo namna nyingine, ambapo kifuko kidogo cha tumbo huungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Hiyo huwafaa zaidi baadhi ya wenye kisukari, lakini mimi sikuihitaji. Hatari zipo: mshono kuvuja, kutokwa damu, damu kuganda miguuni. Kufa hutokea kwa nadra, mtu mmoja hadi watatu hivi katika kila 1,000. Nilipotia sahihi karatasi zao nilikuwa nakuwaza wewe, na ndiyo sababu sikukwambia. Ungekesha.

Lakini kisu si kitu kilichoniliza, Mama. Kilichoniliza ni wiki ya tatu, siku niliposahau kula. Jua lilizama ndipo nikakumbuka. Katika maisha yangu yote sijawahi kusahau kula. Njaa yangu ilikuwa kama redio ya jirani, hata ukilala unaisikia. Mtaalamu wa lishe akanieleza kwamba ile sehemu ya juu ya tumbo waliyoitoa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni inayoitwa grelini, ambayo huupelekea ubongo habari ya njaa. Redio ikawa imepunguzwa sauti.

Nikamkumbuka baba. Tulivyokuwa tukimhesabia sahani. Wewe ulivyofunga kabati ukaweka ufunguo kwenye pindo la kanga. Na mimi, binti yake, niliyemwambia mbele ya wageni, "Baba, si ufunge mdomo tu!" Akacheka na wageni. Mara tatu alijinyima akapungua, mara tatu uzito ukarudi na riba juu yake, nasi tukasema hana msimamo. Sasa naelezwa kwamba mtu akipungua kwa kujinyima, mwili huona ni njaa kuu imeingia: homoni za njaa hupanda, mwili hubana matumizi yake ya nguvu, na hali hiyo inaweza kudumu hata mwaka na zaidi. Mzee alikuwa anapigana na mwili wake mwenyewe huku sisi tukimwita mlafi. Siku ukienda kaburini kwake, mwombee na kwa niaba yangu.

Najua shangazi atasema nimepita njia ya mkato. Mwambie aijaribu. Wiki mbili kabla ya upasuaji nilikunywa vya majimaji tu ili ini lisinyae, maana limelala juu ya tumbo na linawazuia madaktari kufanya kazi. Baadaye nikaanza upya kama mtoto: maji, vilivyopondwa, vilaini, kisha vigumu. Nikila sinywi, nangoja nusu saa. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D nitavitumia maisha yangu yote. Tangu mwezi wa tatu nywele zinanyonyoka, ndiyo maana ulikiona kile kitambaa. Wanasema zitaota tena. Na hilo la wajukuu, subiri kidogo. Wanatutaka tusishike mimba kwa miezi 12 hadi 18.

Nimepungua kilo 27. Wengine uzito huwarudia kiasi baada ya miaka, kwa hiyo usinisherehekee mapema.

Wala sidhani dunia itaponywa na kisu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu zaidi ya bilioni moja wenye unene huu mwaka 2022, mtu mmoja katika kila wanane. Nani atawapasua wote hao? Mexico iliweka kodi kwenye vinywaji vya sukari mwaka 2014, na Chile mwaka 2016 ikalazimisha alama nyeusi kwenye pakiti za vyakula vilivyozidi sukari, chumvi au mafuta. Mimi naona huko ndiko kwa kuanzia, kuliko kumfokea mtu mzima mezani kwake.

Sasa mdogo wangu. Ana mwili wa baba, na nimesikia ananunua vidonge vya kupunguza mwili kwa watu asiowajua. Aache. Kwanza akapime sukari na presha. Kama ni zile sindano za semaglutidi zinazosemwa kila mahali, kweli zinasaidia, lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na wengi wakiiacha uzito hurudi. Ila usimwambie hayo wewe, atadhani unamhesabia sahani. Mpe namba yangu mpya, mwambie nina jambo langu la siri nataka kumweleza.

Picha uliyoomba nitaituma. Usiwaonyeshe majirani kabla hujamsomea shangazi barua hii.

Wako akupendaye,
Binti yako