Kesho London: nyangumi kwanza, halafu Greenwich

Wapendwa, habari za jioni. Kesho tunatoka saa mbili na nusu asubuhi. Makumbusho ya Natural History hufunguliwa saa nne, na foleni ya kule si mchezo. Kiingilio bure. Ukumbini kuna mifupa ya nyangumi wa buluu, mita 25, imening'inia darini. Hapo waacheni watoto washangae, tusiwavute mikono kama jana.

Mchana Greenwich, wakanyage mstari wa longitudo 0, mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi. Walio chini ya miaka 11 hawalipi treni ya chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima.

Shangazi, chapati za njiani tunakutegemea. Na makoti jamani! Mwenye kusema "sisikii baridi" ndiye aliyetetemeka jana.