Mgeni Asiondoke Mikono Mitupu: Wito wa Harambee ya Mfuko wa Wageni

Ndugu, jamaa na marafiki wa kikundi chetu cha waandishi,

Salamu nyingi kwenu nyote. Tunawaandikia kuomba mchango. Tumelitanguliza hilo kwa sababu sisi wenyewe hukemeana kila mkutano kwa hadithi zinazopiga kona ukurasa mzima kabla ya jambo lenyewe kufika, na ingekuwa aibu barua hii nayo ianze na habari za hali ya hewa.

Harambee hii ni ya mfuko mmoja tu, mfuko wa wageni. Kwa wasiotufahamu, sisi ni watu wa kawaida wenye ugonjwa wa kuandika: walimu, wauguzi, mafundi, wanafunzi, wastaafu, na mama mmoja ambaye hushika kalamu watoto wakishalala. Tunakutana kila mwezi, tunasomeana kazi zetu na kuambiana ukweli. Mara kwa mara mkutano huwa wa mgeni. Tunamwalika mtu aliyetutangulia katika kazi hii, mwandishi, mhariri, mshairi, mfasiri au mwanasheria wa hakimiliki, akae nasi mchana mzima. Mikutano hiyo ndiyo iliyotujenga kuliko mingine yote, na ndiyo inayotaka kufa kwa kukosa fedha.

Pengine utauliza: kama mnasomeana wenyewe, mgeni wa nini? Ni kwamba tumezoeana. Tunajua fulani lazima amuue mhusika mkuu, na fulani lazima afungue sura kwa mvua. Tunasamehe, kisha tunaacha kuona kabisa. Kikundi kinachojisikiliza chenyewe tu huishia kujipigia makofi, na hakuna kinachoharibu mwandishi upesi kama makofi ya marafiki.

Tutoe mfano mmoja. Tulimkaribisha mhariri aliyesoma miswada kwa miaka mingi. Hakuja na hotuba. Aliomba ukurasa wa kwanza wa hadithi ya mmoja wetu, kwa ridhaa ya mwenyewe, tukatoa nakala kila mtu akapata yake. Akausoma kwa sauti, polepole, bila kuigiza. Kisha akachukua penseli. Akafuta aya ya kwanza, jua lilivyochomoza. Akafuta ya pili, ndege walivyoimba. Akala na nusu ya aya ya tatu, kijiji kilivyotulia. Penseli ikasimama kwenye sentensi moja fupi iliyojibanza katikati: “Barua ilikuwa imeshafunguliwa.”

“Anzia hapa,” akasema. “Huko juu ulikuwa unapasha misuli moto tu.”

Mwenye hadithi alinuna, tusidanganyane. Akauliza, sasa msomaji atajuaje kwamba tuko kijijini? Mhariri akashusha penseli hadi karibu na mwisho wa ukurasa, palipotajwa taa ya chemli na mbuzi wa jirani anayekula matandiko kambani. “Ameshajua,” akasema. Basi. Tangu siku hiyo, mtu akianza kusoma kwetu na jua likachomoza, wenzake huinua penseli bila kusema neno.

Mara nyingine mgeni alikuwa mshairi wa mapokeo. Alimsimamisha kijana mmoja asome ubeti wa tarbia aliokuwa akiuonea fahari, mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane. Kijana akasoma, mzee akigonga meza kwa kidole kila silabi. Kwenye mshororo wa tatu kidole kikabaki hewani. “Rudia.” Akarudia. Kipande cha utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, kilikuwa na mizani tisa. Sikio la mzee lilishajua, vidole vilikuwa vinathibitisha tu. Hapo vijana wetu wa mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, wakadakia, na mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko, ambao umechemka tangu miaka ya 1970, ukafufuka pale pale ukumbini kana kwamba haukuwahi kupoa. Mwenye ukumbi alikuja mara mbili kutukumbusha saa. Mzee hakushinda wala hakushindwa, lakini aliwaachia kazi: kabla ya kuzivunja arudhi, yaani kanuni za ushairi, kila mmoja atunge kwanza beti tano zisizo na kosa, ndipo aseme anazivunja kwa hiari. Wengine bado wanatoka jasho na vina vya kati.

Hivi ndivyo mikutano hii inavyofanya kazi, na haijaanza na sisi. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa hapo hapo chuoni, wakati huo akiitwa James Ngugi, mwenye muswada wa riwaya mkononi. Alimwomba Chinua Achebe ausome. Muswada ukafika kwa wachapishaji, na mwaka 1964 ukawa riwaya ya kwanza iliyochapishwa ya mtu ambaye leo ulimwengu unamfahamu kama Ngũgĩ wa Thiong’o. Tunaukumbuka mkutano ule kwa furaha na kwa kinyongo kidogo, maana uliitishwa kwa ajili ya wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka huo huo, asingepata kiti kwa kazi zake za Kiswahili. Sisi tunataka kiti hicho kiwepo kwenye ukumbi wetu, na kijana mwenye muswada kwenye mfuko wa rambo awe na mtu wa kumkabidhi.

Sasa tufike kwenye fedha.

Mgeni aliyetugusa pabaya kuliko wote alikuwa mwanasheria. Alitueleza mambo ambayo mwandishi mchanga hayasikii popote mpaka ameshasaini. Hakimiliki haingoji muhuri wala cheti; chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, na ulinzi huo unadumu uhai wote wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Alitufundisha kuuliza mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, unapigiwa hesabu kwenye nini, bei iliyoandikwa kwenye jalada au kile kinachobaki baada ya muuzaji kuchukua chake, kwa sababu asilimia ile ile inaweza kuwa hela mbili tofauti kabisa. Alitusomea, kutoka mkataba wa mfano, kifungu cha “haki zote, kwa lugha zote, kwa muda wote” na kutuonyesha kila neno linachukua nini: tafsiri, redio, filamu, kitabu cha kusikiliza. Akatuambia tudai kifungu cha kurudishiwa haki kitabu kikikoma kuchapishwa. Watu waliandika mpaka kalamu zikakwisha wino.

Wakati wa maswali msichana mmoja, mdogo kuliko wote, akanyoosha mkono. “Na wewe leo umelipwa nini kuja hapa?”

Ukumbi ukacheka, na mgeni akacheka. Jibu ni kwamba alikuja kwa nauli yake. Hata nakala za ule mkataba wa mfano alizilipia yeye.

Swali lile halijatutoka. Tunawezaje kukaa mchana mzima tukifundishana kwamba kazi ya kalamu ni kazi na ina ujira wake, halafu anayetufundisha tukampa shukrani na kumsindikiza kituoni? Daktari akija kutoa mafunzo hulipwa, fundi hulipwa, hata wa vipaza sauti hulipwa kabla hajafungua waya. Mwandishi peke yake ndiye anayeambiwa “utajitangaza”. Sisi waandishi tukiwa wa kwanza kumfanyia hivyo mwenzetu, mchapishaji tutamlaumu kwa mdomo gani? Kwa hiyo wanachama tumekubaliana: hatualiki tena mgeni ambaye hatuwezi kumlipia nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala akitoka mbali, na ujira. Ujira mdogo, lakini unaohesabika. Bila mfuko, azimio hilo lina maana moja tu, kwamba wageni watakoma.

Ada za wanachama zinalipia ukumbi na zinaishia hapo. Hatutaki kuzipandisha, maana anayeumia ada ikipanda ni yule yule mwanafunzi anayeuliza maswali mazuri.

Mchango wako utaanza na nauli na malazi ya mgeni, kisha ujira wake. Kikibaki kitu, tutatoa nakala za kazi zinazojadiliwa, kwa sababu watu wanne kuchungulia karatasi moja si kusoma. Halafu kuna kinasa sauti. Tunaye mwenzetu asiyeona, mtunzi hodari wa tamthilia, mwenye sikio linalonasa kila tunapobabaisha. Yeye hurudia kusikiliza mazungumzo ya wageni nyumbani, na kwa sasa anategemea simu iliyowekwa mezani, ambayo hunasa feni na kikohozi kuliko mgeni. Kinasa kizuri chenye maikrofoni ndogo ya kubana kwenye ukosi kingemsaidia yeye, na pia wote wanaokosa mkutano kwa zamu za usiku, uuguzi au umbali.

Posho za vikao hakuna. Kamati inajitolea na itaendelea kujitolea. Fulana pia hatuchapishi. Wazo lilitolewa, likajadiliwa, likazikwa kwa heshima zote.

Tunaotamani kuwaalika ni wengi. Tunamtaka mtu wa tamthilia za redio, atufundishe namna ya kumwingiza mhusika chumbani bila msimulizi kusema “akaingia”. Tunamtaka aliyewahi kuwa jaji wa shindano la uandishi, atueleze muswada huwekwa pembeni kwa sababu gani. Wenzetu kadhaa wana miswada iliyokamilika, na milango ipo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata kazi ambazo hazijachapishwa. Mashindano yameshawahi kufungua njia katika lugha yetu: Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, na mwaka 1960 hadithi hiyo ikatoka kitabu, ikamleta mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji. Kati ya muswada wa kabatini na meza ya majaji kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja wa kusema “hii bado” au “hii peleka”.

Kuhusu hesabu, tujuavyo harambee zilivyo, tuseme wazi. Fedha zinapokewa na mhazini peke yake, na kila anayetoa anapewa stakabadhi, hata akitoa kidogo kiasi gani. Hakuna senti inayotoka bila saini mbili, ya mhazini na ya mwenyekiti. Daftari hufunguliwa mezani kila mkutano, na mchangiaji yeyote, mwanachama au si mwanachama, anaruhusiwa kulikagua. Baada ya kila mgeni tutawaletea wachangiaji maelezo mafupi: nani alikuja, alilipwa nini, tulijifunza nini.

Jambo jingine ni nyeti kidogo. Mchango haununui jukwaa. Tumewahi kupata mfadhili mwenye moyo, na diwani ya mashairi yake mwenyewe kwapani. Tunamheshimu, na tulimkaribisha asome kama wengine wote, dakika zile zile, penseli zile zile. Wageni huchaguliwa na wanachama kwa kura.

Hatutakuimbia haba na haba, methali hiyo unaijua. Tutasema tu kwamba si lazima utoe fedha. Ukiwa na chumba cha ziada na unaweza kumlaza mgeni usiku mmoja, umetupunguzia gharama kubwa. Ukiwa na gari na unapita njia anayotokea, umetoa nauli. Ukiwa na mashine ya kutoa nakala ofisini na mkubwa wako ameridhia (tafadhali aridhie kweli), tutakuletea karatasi zetu. Ukiwa unamfahamu mwandishi, mhariri au mfasiri na unaweza kumpigia simu kwa niaba yetu, huo nao ni mchango, pengine mkubwa kuliko yote, kwa sababu barua za watu wasiojulikana hukaa sana bila majibu. Walio mbali wanaweza kumdhamini mgeni mzima, peke yao au kwa kuchangiana. Na mgeni akiwa nchi nyingine tutazungumza naye kwa intaneti, ukumbini, kupitia projekta ya kuazima. Ujira wake uko pale pale.

Kadi za ahadi ziko kwa mhazini na kwa kila mwanachama. Jaza jina lako na unachoahidi, kiwe fedha, chumba, usafiri au nakala. Kama hutaki jina lako lisomwe hadharani, andika “msomaji”, nasi tutaelewa. Ahadi zitakusanywa siku ya mgeni ajaye, ambaye ni mfasiri, na yeye atakuwa wa kwanza kulipwa kutoka mfuko huu. Ameomba kila atakayehudhuria aje na aya moja iliyomshinda kufasiri, kwa mkono wake, imeandikwa mistari ikiachana ili kuwe na nafasi ya kusahihisha. Mlango uko wazi kwa wachangiaji wote, wanaoandika na wasioandika. Njoo na aya yako. Penseli zipo.

Kwa niaba ya wanachama wote,

Katibu wa kikundi