Shukrani kwa mzee wa mashua ya buluu, kisiwani Bequia, Karibi

Mzee wangu, jina lako sikulipata, ila asante sana. Ni wewe uliyetufikia usiku wa mkesha wa Krismasi pale Admiralty Bay, nanga yetu ilipong'oka na boti ya matanga tunamoishi ikaanza kuwasogelea majirani. Wenyeji huuita upepo wa Krismasi, huo unaovuma kwa nguvu kutoka mashariki Desemba na Januari. Sisi tuliokulia kwenye kaskazi ya Mombasa tulidhani tunaujua. Wapi!

Ulipanda kwetu umelowa chapachapa, ukaushika mnyororo kwa kiganja kusikia kama nanga bado inakwaruza, kisha ukamulika na kutuelekeza penye mchanga mtupu, maana kwenye majani haishiki. Pesa ukakataa katakata. Asubuhi tukakuta kifurushi kimefungwa kwenye ngazi ya nyuma: keki nyeusi ya ramu na chupa ya juisi ya rosela. Mke wangu ameimaliza keki karibu yote, na hataki isemwe.

Anayemjua mzee huyu amfikishie salamu. Chupa yako tunayo, mzee. Pita uichukue, chai ya tangawizi ipo.