Kwa Nini Kishale Kimoja Ndani ya Jedwali Hutozwa Siku Tatu

Juma lililopita mteja mmoja alitulalamikia kwamba tumemtoza siku tatu za kazi kwa ajili ya "kakishale tu", yaani orodha kunjuzi (ile inayofunguka ukibofya kishale) aliyotaka iwekwe ndani ya seli za jedwali lake la oda, ili makarani wachague mkoa badala ya kuuandika. Si wa kwanza kusema hivyo, na ndiyo maana tunalijibu hapa.

Kuichora orodha yenyewe ni kazi ya dakika chache, kwa kuwa kila kivinjari kinayo tayari. Kazi iko nyuma yake. Seli humwonyesha karani jina, ilhali kinachohifadhiwa ni namba ya mkoa katika hifadhidata; seva, yaani kompyuta inayopokea data, nayo lazima ilikague upya kila chaguo, maana mtumiaji anaweza kuuchezea ukurasa; mkoa ukibadilishwa, wilaya iliyochaguliwa awali ifutike; na mtandao ukikatika kabla ya kuhifadhi, seli irudishe chaguo la zamani badala ya kumdanganya karani. Kisha kuna kuiwezesha orodha itumike kwa kibodi, jambo ambalo wateja huliona anasa mpaka wamwone karani akishika kipanya kwa kila mstari kutwa nzima.

Njia ya mkato tunayoikuta mara nyingi ni kuandika majina ndani ya msimbo wa ukurasa na kuhifadhi jina hilo hilo kama maandishi. Muuza vifaa vya ujenzi mmoja alituletea mfumo wa namna hiyo, uliotengenezwa kabla ya mkoa wa Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makarani waliendelea kuwaandikia wateja wa Tunduma na Vwawa, miji iliyo sasa Songwe, mkoa wa Mbeya, hadi fundi mwingine alipoiachia seli ipokee maandishi yoyote. Ndipo zikaingia "Songwe", "SONGWE" na "Songwe" yenye nafasi mwishoni, ambayo jicho haliioni lakini ripoti huihesabu kuwa mkoa mwingine. Tulitumia wiki mbili tukipekua hati za kukabidhi mizigo, kwa sababu hakuna programu iwezayo kubaini ni oda ipi ya "Mbeya" iliyokwenda Mbeya kweli. Ankara hiyo ilizidi mara kadhaa gharama ya kuijenga orodha vizuri tangu mwanzo, na mwenyewe aliilalamikia pia.

Mwenye seli ya machaguo mawili yasiyobadilika, kama "imelipwa" na "haijalipwa", hatumtozi siku tatu. Kazi yake huisha asubuhi moja, nasi humwambia hivyo kabla hatujaanza.