Meya wa Berlin anayestahili kujulikana Kisumu

Mhariri,

Mji wetu wa Kisumu, ambao katika miaka ya 1960 ulimpata Grace Onyango kuwa meya, una kila sababu ya kumfahamu Louise Schroeder wa Berlin. Aliingia bungeni mwaka wa 1919, wanawake wa Ujerumani walipopiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza, lakini utawala wa Hitler ukamfungia siasa, akawa akiendesha duka la mikate Hamburg. Mei 1947 alifanywa kaimu meya wa Berlin, na kwa kuwa Wasovieti walimkataa Ernst Reuter aliyechaguliwa mwezi uliofuata, mama huyu, ambaye tayari alikuwa na umri wa miaka 60, aliendelea kushika wadhifa huo hadi Desemba 1948, katika mji uliobomolewa kwa mabomu, ukagawanywa baina ya mataifa 4, na hatimaye upande wake wa magharibi ukafungiwa barabara na reli.

Nasikitika kwamba vijana wetu hufundishwa habari za Hitler kwa kirefu, ilhali waliojenga upya miji aliyoiangamiza hawatajwi. Naliomba gazeti hili litenge nafasi ya kuwaandikia.

Msomaji,
Kisumu