Lekchara, hiyo linki kwenye imeli sio utapeli

Mhariri, naomba kanafasi. Leo nina neno na malekchara wetu, shikamooni.

Mi nilikuwa karani wa sensa ya Agosti 2022, nimetembea na kishikwambi nyumba kwa nyumba mpaka soli ikaisha, baadae tukatangaziwa tuko 61,741,120. Tangu hapo najiuliza, data zote zile zinasaidiaje kuamua kisima kichimbwe wapi? Ndo nikaanza kuomba masta ya sera za umma zenye data ndani. Marekani zipo Harris, shule ya sera pale University of Chicago, wanafundisha pamoja na watu wa kompyuta, Georgetown nao wanayo, Heinz ya Carnegie Mellon, na Berlin kuna Hertie School.

Watu wanadhani kazi ni GRE, ule mtihani wa kuombea masta. Wapi! Hesabu zake ni za sekondari, vyuo vingine hata hawailazimishi, na matokeo yanadumu miaka 5. IELTS, ule wa Kiingereza, ndo miaka 2 tu, hiyo usiikimbilie mapema. Kilichonikwamisha mimi ni refa, sio wa mpira jamani, ni yule anayekuandikia chuo barua ya kukupendekeza.

Vyuo vya Marekani vinataka marefa wawili watatu, na mfumo wenyewe ndo unawatumia linki, barua haipiti mkononi mwako. Nikampigia lekchara wangu mwezi wa kumi na moja, akasema sawa mwanangu. Wiki ikapita, nikumbushe kesho. Nikatuma meseji, tiki mbili za bluu, kimya. Ikabidi nipande basi, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake tangu saa tatu mpaka saa nane, alipotoka tukafungua imeli wote, linki imelala kwenye spam katikati ya matangazo ya mikopo. Akaniambia andika mwenyewe nitasaini. Nikamwambia mwalimu, hairuhusiwi. Basi akaandika mistari minne palepale, nina nidhamu na nawahi darasani.

Sasa kamati ya watu wa data waifanyie nini nidhamu yangu? Na huyuhuyu ndo alinirudishia tasnifu mara tatu kwa kuwa nilihesabu pampu za maji zilizokufa kama nzima, nikaanza kusafisha data mstari kwa mstari. Hiyo ndo stori waliyoitaka, na shahidi ni yeye peke yake.

Simlaumu sana, ana wanafunzi kibao na barua hizi halipwi. Ila idara ziweke fomu basi, mwanafunzi ajaze kazi alizofanya na dedlaini, lekchara apewe mwezi mzima. Na sisi tuache kukurupuka, dedlaini nyingi za Marekani ni Desemba na Januari, refa aambiwe Septemba, apelekewe tasnifu, tena uliza imeli gani anaifungua kweli.

Mwaka huu naomba tena. Nimeshampigia, na ni mwezi wa saba tu. Kaniuliza zile pampu mbovu zilikuwa ngapi.

Karani wa zamani, Morogoro